Betri Iliyopanda Miaka

Betri ya kifaa cha moyo hushuka tu, haipandi. Kwa hiyo fundi alipoweka kipimo kifuani pa mama yake, akaona betri imebakiza miaka kumi na moja wakati mwezi uliopita ilikuwa tisa, alikigonga kama redio mbovu, akapima tena. Kumi na moja.

"Vipi, mwanangu? Nimeshakufa?" mama alitania.

"Uko mzima kuliko mimi," alisema, akikificha kipimo nyuma yake.

Kwenye karakana ya hospitali alikofanya kazi kuna droo moja. Vifaa vinavyotolewa kwenye maiti huwekwa humo mpaka betri ziishe zenyewe, na mkuu wa karakana hachoki kusema, "Cha marehemu hakiamshwi." Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kifaa cha zamani cha mama kilipokaribia kuzima, na kipya kikachelewa kufika, fundi alifungua droo, akachukua chenye nguvu kuliko vyote, akakisafisha, akampa daktari kama kipya. Kilitoka kifuani mwa mganga aliyekufa akimpunga mgonjwa jini. Alilijua hilo. Alimpenda mama yake, basi.

Sasa nyumba ilinuka nywele zilizoungua. Na paka, aliyezoea kulala kifuani pa mama, wiki iliyopita alikutwa pale pale amekauka kama tambara.

Fundi alimwita mjane wa yule mganga, aliyerithi kazi ya mumewe. Mjane alitega sikio kifuani pa mama, akamvuta fundi kando.

"Namjua jini huyu," alinong'ona. "Ndiye aliyemuua mume wangu. Nikimtoa, anatoka na nguvu ya betri, na mama yako anakwenda saa hiyo hiyo."

"Na nikimwacha?"

"Atakula. Mama yako anakwenda vyovyote; kizime leo, binti yangu, afie humo kabla hajapata nguvu."

"Kizime, mwanangu," mama alisema kutoka kitandani. "Kina njaa. Nakisikia."

Ilikuwa kubonyeza kitufe cha kipimo mara mbili tu. Fundi alilia. "Nipe mpaka Ijumaa, mama. Nishibe kukuona."

Alimhamishia binti yake wa miezi saba chumba cha pili, akafunga mlango kwa ufunguo. Msiba wa kujitakia hauna kilio.

Alhamisi mchana, akifua uani, alisikia mapigo yakitoka ndani, polepole kwanza, kisha mbiombio, mpaka maji ya beseni yakatetemeka, na ile harufu ikamjaa puani, akakumbuka kwamba hajamsikia mtoto tangu alipoanza kufua, akakimbia na mapovu mikononi, akaukuta mlango wa chumba cha pili wazi na ufunguo bado umo mfukoni mwake.

Mama aliketi wima kitandani, mashavu yamenona. Mtoto alikuwa kifuani pake, mkavu, mwepesi.

Kipimo kiliwaka chenyewe: miaka themanini na tatu.

Fundi alibonyeza mara mbili. Akabonyeza tena, na tena. Hakikuzimika. Machozi yalimtiririka mama, hayo tu ndiyo yalikuwa yake, kwa maana kinywa kilitabasamu na sauti nzito ya kiume ikasema:

"Mbona haraka? Si tulikubaliana Ijumaa?"