Kipande Kilichorukwa

Meno ya mashine ya kulimia ndiyo yaliyomfukua marehemu. Yalinasa shati lake, yakavuta, injini ikakohoa na kuzimika. Fundi mwenye mashine, anayeishi kwa kulima bustani za watu, akapiga yowe lililojaza uwanja mzima wa nyuma ya nyumba.

Inspekta alipofika, majirani walikuwa wameshamhukumu fundi huyo. Mmoja alikuwa na jiwe mkononi.

"Weka chini," Inspekta alimwambia, "kabla huo mkono haujavaa pingu."

Asubuhi hiyo Inspekta hakumpenda mtu yeyote, na hakujisumbua kuficha.

Daktari aliikagua maiti. Pigo moja la kitu kizito kisogoni. Amekufa siku mbili, pengine tatu. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Uligombana na marehemu," Inspekta alimgeukia fundi.

"Jumapili, Afande. Jumamosi nililima nusu, mvua ikanikatiza. Jumapili akataka nimalizie, nikakataa. Akanitukana mpaka mama yangu!"

"Ukakasirika."

"Nani asingekasirika? Nikaiacha mashine hapahapa, nikaenda zangu kusubiri udongo ukauke. Leo narudi, nakuta nusu iliyobaki imeshalimwa. Tena ovyo! Nikaanza kuirudia."

"Mwongo huyo!" Mdogo wa marehemu aliwasukuma watu akaja mbele. Yeye na kaka yake waliishi nyumba hiyo moja. "Jumatatu nimemwona kwa macho yangu akilima. Kaka alipotoweka nikadhani kasafiri. Mfungeni!"

Inspekta hakumjibu. Aliinama kwenye nusu ya kwanza, akachota udongo. Ukamomonyoka vidoleni kama unga. Akahamia nusu ya pili. Huko yalikuwa mabonge matupu, magumu, yenye pande zilizong'aa, na mistari imepinda kama njia ya mlevi.

"Nani hulima hivi?"

Fundi alitema mate. "Asiyejua kazi. Ukilima tope unafyatua matofali. Nina miaka kumi na miwili na mashine hii, Afande. Niue mtu, sawa, sema. Lakini nilime tope? Bora uninyonge!"

Sajini aliyekuja na Inspekta, aliyekuwa ametoka kukagua nyumba, alicheka. Inspekta alimkata jicho, kicheko kikafa. Kisha akamwendea mdogo wa marehemu.

"Viganja."

"Vina nini viganja vyangu?"

"Nimesema nionyeshe."

Malengelenge matano, mawili yamepasuka.

"Nilikuwa napasua kuni."

"Jikoni mwenu kuna gesi tu," alisema Sajini. "Nimetoka huko sasa hivi."

"Kuni za jirani."

"Jirani yupi?"

Njia ya mwongo ni fupi, na huyu alikuwa ameshafika mwisho wake. Inspekta aliachana naye, akaifuata ile mistari iliyopinda mpaka kwenye uzio. Hapo yote ilikwepa kitu. Katikati ya mabonge palibaki kipande cha urefu wa mkono, nyasi zake zimepunguzwa vizuri. Akainua buti avuke.

"Usikanyage hapo!"

Inspekta alirudisha mguu polepole.

"Hapa kuna nani?"

Mdogo wa marehemu alikaa juu ya udongo.

"Binti yangu. Aliishi siku nne."

"Endelea."

"Kaka alitaka kulima mpaka kwenye uzio. Nikamsihi aache hapo tu. Jumapili, fundi alipoondoka, akaishika mashine mwenyewe, akaielekeza pale pale. Akasema, 'Kifupa cha kichanga hakivunji jino la mashine.' Baba yake mkubwa, Afande! Damu yake mwenyewe! Nikampiga na spana. Mara moja tu."

"Ukamfukia katikati ya bustani."

"Na Jumatatu nikalima nusu yote iliyobaki, shimo lisionekane. Sikujua mambo ya tope."

"Ukamtupia fundi kesi."

"Ndiyo." Alimtazama fundi kwa chuki isiyofichika. "Yeye ndiye angelima pale. Ningemwacha anyongwe."

Fundi alimfuata mpaka Sajini akamzuia kifuani.

"Mimi nazunguka miti ya watu, mabomba ya watu, hata viota vya bata!" alifoka. "Ungeniambia mimi, mpumbavu wewe. Neno moja tu. Ningepazunguka."

Mtuhumiwa alimkodolea macho, kana kwamba jambo hilo halijawahi kumjia akilini. Kisha akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu kaka yake afukuliwe.