Kisogo Mubashara

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi cherehani, mchana kweupe. Mtandaoni walimcheka alipomlilia marehemu mama yake, naye akachoka, akafuta akaunti. Wiki nzima akalala usingizi mnono.

Siku hiyo aliingia stoo kuchukua kitambaa cha bitana, umeme ukakatika, kukawa giza totoro. Simu ikaita. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, si ulisema umejitoa? Mbona uko mubashara?"

"Nilishafuta kila kitu."

"Nakiona kisogo chako, na mwanga wa simu kwenye sikio lako. Nani anakurekodi?"

Nyuma yake marobota ya vitambaa yakachakarika.

"Toka humo, dada. Watazamaji wanacheka, wanamwandikia huyo mtu asogee."

Vitambaa vikachakarika tena, karibu zaidi.