Anayenyonya kwa Wankyo

Ilianza kama harufu. Wankyo, muuza dagaa wa soko la Mwigobero, alikuwa akijifunga kanga asubuhi aliponusa maziwa mabichi ya mzazi kifuani mwake. Kitinda mimba wake, Rhobi, alikuwa tayari chuoni. Siku chache baadaye akagusa uvimbe kwenye titi la kushoto.

Daktari alitaka picha ya MRI kabla ya kumpasua, ajue ugonjwa umefika wapi. Lakini kwenye mashine ile mtu haingii na kitu cha madini, na Wankyo alikuwa na bangili ya bibi yake mkononi tangu uchanga. Bibi huyo, Wankyo wa kwanza, alikufa na kidonda cha titi. Mjukuu alipozaliwa alikataa kunyonya, akalia mpaka akapewa jina la marehemu na bangili yake.

"Usiivue," shangazi Keraryo alimnong'oneza nyumbani Nyasho. "Hiyo ndiyo inamfunga. Bibi yako alikufaga na njaa."

Wankyo hakurudi hospitali. Nani amlaumu? Mwaka ukapita, uvimbe ukakua, na kila aliposinzia mchana kwenye meza yake ya dagaa alisikia kitu kikimeza, karibu sana.

Rhobi aliporudi likizo akashika kiuno.

"Mama, hata polisi wakikwambia uvue mkanda unavua. Bangili tu? Twende."

Waliivua kwa sabuni, ikatoka na ngozi.

Wankyo akalazwa kifudifudi, matiti yakining'inia kwenye matundu mawili, dawa ya kung'arisha picha ikiingia mshipani. "Usitikisike, mama," muuguzi alimwambia.

Mashine ikagonga kama mtu anayepigilia misumari, kisha ikanyamaza, na katika ukimya ule Wankyo akasikia kikohozi cha mtoto aliyepaliwa, akahisi ufizi usio na jino ukilishika titi la kushoto, ukavuta, ukaachia, ukahamia la kulia, huku kiganja kikavu cha kizee kikimpapasa mbavu taratibu kama mtu anayeshukuru, naye hakupiga kelele wala hakuminya mpira wa kuitia msaada, kwa sababu aliambiwa asitikisike, na picha ile ndiyo ilikuwa imebaki kuwa tumaini lake.

Daktari aliwaonyesha picha. Palipong'aa palikuwa pengi.

"Tulidhani ni uvimbe mmoja. Upo matiti yote mawili, upo kwapani, na umeshika ukuta wa kifua. Kupasua hakutasaidia tena, mama."

"Ningekuja mwaka jana?"

"Mwaka jana ningekupasua. Kwenu kuna mwingine aliyeugua hivi?"

"Bibi yangu."

"Basi na binti apimwe."

Wankyo akageuka. Rhobi alikuwa amesogea dirishani, amewapa mgongo, kichwa kimeinama, mkono mmoja umeshikilia titi kwa chini, akijiyumbisha kidogo kidogo huku na huku.

"Rhobi?"

"Polepole, mama," Rhobi alinong'ona bila kugeuka. "Utamwamsha."