Shujaa Asiye na Deraya

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ummi alikuwa na kazi moja asiyoikosa: viatu vya mamake. Vilikuwa viatu vizito vya ngozi, vyenye chuma puani, na kila jioni vilirudi nyumbani vimejaa unga wa vyuma. Ummi alivigonga kizingitini mpaka vikasafika, kisha akavipanga mlangoni. Mamake, Bi Mwanatabu, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na karakana yake ilikuwa kando ya barabara, mwendo mfupi kutoka kwao Jomvu Kuu. Wageni waliofika kumuulizia fundi walimtazama mara mbili, lakini watu wa mtaani walikuwa wameshamzoea.

Ummi alikuwa na miaka kumi na miwili, na penseli haikumtoka mkononi. Mwaka huo alikuwa na jambo moja tu moyoni: ukuta wa Griffin.

Griffin alikuwa kijana kutoka bara aliyefungua kibanda cha gemu karibu na shule. Ndani, watoto walicheza gemu za mashujaa wanaopigana na mazimwi. Nje kulikuwa na ukuta mpana, mtupu, unaoonekana na kila mpita njia. Griffin alitangaza kuwa mtoto atakayemletea mchoro bora wa mashujaa ndiye atakayeupaka ukuta ule rangi, na jina lake litaandikwa chini. Ummi alilitaka jina lake pale kuliko nguo mpya ya Idi.

Kibandani mlikuwa na bango lenye mashujaa wanne. Watatu walikuwa wanaume, nao walivaa deraya, yaani mavazi ya chuma ya vitani, kuanzia utosini hadi vidoleni. Wa nne alikuwa mwanamke. Alikuwa na upanga mrefu na nywele zinazopepea, lakini chuma alichovaa kilikuwa vipande vichache tu hapa na pale. Tumbo wazi, mabega wazi, magoti wazi, na miguuni viatu vya visigino virefu.

Ummi aliliazima bango lile siku moja. Nyumbani alilibandika kwenye kioo cha dirisha, akaweka karatasi juu yake, akafuatisha mistari mmoja baada ya mwingine. Kesho yake Griffin aliushangaa mchoro. Alimuuliza kama ule ulikuwa mkono wake mwenyewe, na Ummi akajibu ndiyo bila kupepesa macho. Basi akapewa ukuta, aanze Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Jioni hiyo akamwonyesha mamake. Bi Mwanatabu alinawa mikono, akaushika mchoro, akautazama.

"Huyu mwanamke naye anakwenda vitani?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Wanakwenda kupigana na zimwi linalotema moto."

"Basi wenzake wana bahati. Wao wameambiwa kuna moto."

Ummi akajitetea. Alisema ndivyo wanavyochorwa mashujaa wa kike katika gemu zote, na kwamba akifunikwa hatapendeza. Mamake hakukasirika. Alipandisha mkono wa nguo yake, akamwonyesha makovu madogo meusi karibu na kiwiko. Alimweleza kuwa aliyapata mwaka wake wa kwanza kazini. Joto lilikuwa kali, akakunja mikono ya shati kwa dakika mbili tu ili amalize geti la mteja.

"Usidhani nasema habari ya haya na heshima, mwanangu. Hayo ni mazungumzo mengine," alisema. "Mimi nasema habari ya cheche. Cheche haikuulizi kama wewe ni mwanamke au mwanamume. Aliyemchora huyu hakumtaka apigane, alimtaka atazamwe."

Maneno yale yalimkera Ummi. Kesho yake, baada ya shule, aliamua kujaribu mwenyewe. Alivaa viatu vya mamake vya harusi, akashika mpini wa ufagio kama upanga, akajikunja kama yule mwanamke wa bango: kifua huku, mgongo huku, nyonga kule. Hakumaliza hata kuhesabu tatu. Alianguka ndani ya beseni la nguo, maji yakaruka mpaka ukutani. Abdulaziz, mtoto wa jirani waliyesoma naye, alicheka mpaka akakaa chini. Ummi naye alicheka, kisha akajiuliza: Kama mtu hawezi hata kusimama hivi, huo upanga atauinua vipi?

Papo hapo akaamua kumchora shujaa wake mwenyewe. Abdulaziz alimwambia ukuta alishaupata, ya nini kujisumbua. Ummi akamjibu kuwa aliyepewa ukuta ule ni lile dirisha, si yeye.

Ikawa kila akitoka shule anapitia karakana. Alikaa mbali na moto, na mamake alipopiga ukelele wa "Geuka, nawasha," aligeuza uso upesi, maana mwanga ule huumiza macho. Moto ulipozimwa alitazama kila kitu: aproni ya ngozi inayofika chini ya magoti, glavu ndefu, ngao ya uso inayoshushwa na kupandishwa, miguu iliyoachana ili mwili usiyumbe.

Kazi haikuwa rahisi hata kidogo. Shujaa wake wa kwanza alifunikwa chuma kizima kama tangi la maji, na mamake akauliza ataukunjaje mkono. Ummi hakujua. Tinga, fundi aliyefanya kazi na mamake, alichukua vipande vya bati akamwonyesha jinsi kimoja kinavyolalia kingine kwenye kiungo, kama mabati ya paa, ili mkono upate kukunjika. Ummi akachora, akafuta, akachora tena. Vidole vilimuuma, karatasi zikatoboka kwa kufutwa. Ile ya saba ndiyo iliyomridhisha.

Jumamosi ilifika. Asubuhi hiyo Bi Mwanatabu na Tinga nao walikuwa pale kibandani, kwa sababu bawaba ya mlango wa chuma ilikatika na Griffin aliwaita waichomelee. Ummi akampa Griffin mchoro wake mpya. Griffin alikunja uso.

"Sasa hapa si umenichorea mwanaume wa nne? Watu watajuaje huyu ni mwanamke? Wewe nipakie ile picha ya kwanza."

Ile ya kwanza ilikuwa mkobani. Ingemtosha Ummi kuitoa tu, na ukuta ungebaki wake.

"Ile ya kwanza si mkono wangu, kaka Griffin," alisema. "Niliifuatisha dirishani, kisha nikakudanganya. Nisamehe. Hii ndiyo niliyochora mimi, na ile siwezi kuipaka."

Griffin alikasirika kweli. Alisema kama ni hivyo, ukuta atautafutia mtoto mwingine. Machozi yalimlenga Ummi, lakini hakuufungua mkoba.

Griffin akageuka kwenda kuwaharakisha mafundi. Walikuwa wameinama mlangoni, wote wawili wamevaa aproni, glavu na viatu vizito, nyuso zao zimefichwa nyuma ya ngao. Alimpita wa kwanza bila kumtazama, akamwinamia wa pili.

"Mama Ummi, kufikia saa sita mtakuwa mmemaliza?"

"Kaka Griffin," Ummi akamwita. "Umemjuaje?"

"Nimemjua nani?"

"Mama. Wako wawili, wamejifunika gubigubi, na uso wake huuoni."

Tinga akapandisha ngao yake, akawa anacheka. Griffin akamtazama tena yule fundi wa pili, jinsi alivyoimarisha mguu mmoja nyuma, jinsi alivyoinamisha kichwa kidogo kushoto kukagua kazi yake. Kisha akautazama mchoro. Shujaa wa Ummi alisimama vile vile, na kichwa chake kimeinama kushoto.

"Ni yeye huyu," Griffin alisema polepole.

Kisha akamwambia Ummi kuwa ukuta ni wake, ila kwa ule uongo, ataukwangua rangi ya zamani peke yake, kona hadi kona. Ummi akakubali kabla Griffin hajamaliza kusema.

Bi Mwanatabu alipandisha ngao, jasho likimtiririka.

"Ummi."

"Abee, mama."

"Nguo ya kuazima, wahenga washasema, haisitiri." Wote wakacheka, maana walijua neno la mwisho la methali ile, aliloliacha kwa adabu. Yeye hakucheka. "Ukifuatisha mstari wa mtu bila kufikiri, unafuatisha na makosa yake, na hata sifa utakayopata itakuwa yake. Umetazama kwa macho yako, umetoka jasho, na umesema kweli wakati uongo ulikuwa na faida. Hiyo ndiyo deraya, mwanangu. Usiivue."

Akashusha ngao, akaishika kazi yake.

"Haya geuka, nawasha."

Ummi akageuka. Mbele yake kulikuwa na ukuta, naye akaokota kikwangulio akaanzia kona ya kwanza.