Kitanda Kilichokuwa Dirishani

"Umeenda saluni kwa mwanamke wa watu, ukamtukana mbele ya wateja wake, kwa ajili ya kitanda?"

"Kwa ajili ya kitanda cha mwanangu. Usikate maneno yangu nusu."

"Watu wananisimamisha njiani, Mama Kidoti! Wananiambia mkeo kachanganyikiwa."

"Na wewe ukawajibu nini? Kwamba ni kweli?"

Mume wangu alisimama mlangoni, vumbi la mbao kwenye nyusi, anahema kama aliyekimbizwa. Kutoka karakana yake hadi nyumbani ni mwendo wa robo saa. Siku hiyo nadhani alitumia dakika tano. Mama yake, ambaye alikuwa amekuja kuniuguza, alikuwa amekaa kwenye kochi na ungo wa mchele mapajani. Mkono ulikuwa haupepeti tena.

"Nakuuliza mara ya mwisho," nikasema. "Kitanda kiko kwa nani?"

"Hakipo kwa mtu."

"Kimeota mabawa?"

"Mke wangu, achana na hicho kitanda."

"Basi ngoja nikuachie na nyumba yako. Begi langu liko tayari chumbani, la Kidoti pia. Akitoka masomo ya ziada tunaondoka."

Hiyo ilikuwa Jumamosi, tarehe thelathini na moja, saa sita mchana. Januari ilikuwa imebakiza nusu siku, na ndoa yangu ya miaka kumi nayo niliipa muda huohuo.

Nirudi nyuma kidogo, maana bila hivyo mtaniona mwehu kama walivyoniona saluni.

Mtoto wetu wa pili alizaliwa alfajiri ya mwaka mpya. Walinipasua. Nilimsikia akilia mara moja, sauti nyembamba, halafu nikamwona kwa dakika chache akiwa amefungwa kitambaa cheupe. Mvulana. Kabla ya saa saba mchana alikuwa amefariki. Daktari alisema moyo wake ulikuwa na tatizo alilozaliwa nalo. Kesho yake walimzika, mimi nikiwa nimelala chali wodini, siwezi hata kugeuka. Simu yangu iliendelea kuingia ujumbe wa watu wasiojua.

"Heri ya mwaka mpya shemeji! Mwaka wa baraka kwenu na kichanga chenu!"

Niliusoma ule, nikaizima.

Nilirudi nyumbani tarehe sita. Nilipoingia chumbani, macho yangu yalikwenda kwanza dirishani. Pale palikuwa na kitanda cha kubembea alichokitengeneza mume wangu kwa mikono yake, kwa mbao ngumu nyekundu. Alikianza Oktoba. Kila jioni alikuwa akikipiga msasa hadi ukipitisha shavu husikii mkwaruzo. Sasa palikuwa patupu, alama nne tu sakafuni, safi kuliko sehemu nyingine.

"Kitanda kiko wapi?" nikamuuliza siku hiyohiyo.

"Hakipo."

"Nimeona hakipo. Kimeenda wapi?"

"Pumzika, mke wangu. Mshono bado mbichi."

Akatoka. Na akawa mtu wa kutoka. Anaondoka kabla sijaamka, anarudi, anakula, anajinyoosha kwenye kochi. Ukimwambia neno anatikisa kichwa. Ukilia anakwenda uani kunoa patasi. Nimekaa na yule mwanaume miaka kumi, sijawahi kuona patasi zikinolewa kiasi kile.

Mimi ni mtunza stoo. Nina diploma ya ugavi na miaka kumi na moja kazini. Jambo la kwanza tulilofundishwa ni kwamba kitu hakipotei, kinahama. Ukikikosa kwenye rafu usihangaike kukitafuta chenyewe, mtafute aliyekipokea. Ndivyo ninavyofanya kazi, na ndivyo nilivyoanza kuishi na mume wangu mwezi ule. Nikaanza kumtafuta mpokeaji.

Nilimpigia dada yangu.

"Hakipo, ndivyo anavyosema? Na hasemi kiko wapi?"

"Hasemi."

"Mdogo wangu, mwanaume akiwa kimya nyumbani, ana mahali anaposemea. Yule mchumba wake wa zamani, msusi, si kajifungua Desemba?"

"Dada, usinianzishie."

"Sikuanzishii. Nakuuliza tu, kajifungua au hakujifungua?"

Kajifungua. Nilijua. Nilikata simu, lakini neno likishaingia sikioni halitolewi kwa kijiti.

Tarehe ishirini na nane mume wangu alikuwa anaoga, simu yake ikatoa mlio wa ujumbe juu ya meza. Sina tabia ya kupekua simu. Siku hiyo nilipekua.

"Fundi, kitanda kimefika salama. Mtoto kalala kama mfalme. Mungu akubariki mikono."

Msusi.

Nilikaa na ujumbe ule siku tatu. Kila nikimwangalia anavyokula namwambia moyoni, mwanangu hajamaliza mwezi ardhini, umeshampelekea mwenzake kitanda. Jumamosi asubuhi nikavaa, nikaenda.

Saluni ilikuwa imejaa. Msusi alikuwa katikati ya kichwa cha mtu, kitana mdomoni.

"Karibu dada, kaa pale kwenye benchi."

"Sikuja kusukwa. Nimekuja kuchukua kitanda cha mwanangu."

Akatoa kitana mdomoni. "Kitanda gani?"

"Usinifanye mtoto! Hukuona fundi mwingine mji mzima ila mume wangu? Umemkosa yeye, ukaona uchukue hata cha marehemu?"

Niliongeza mengine ambayo siyaandiki hapa. Mwanamke mmoja chini ya mashine ya kukaushia nywele alichomoa kichwa ili asikose kitu. Msusi alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi. Halafu akasema taratibu:

"Pole kwa msiba, dada. Sasa njoo."

Akanishika kiwiko, akanipeleka chumba cha nyuma anakoishi. Kulikuwa na kitanda kipya cha futi tatu kwa sita, mbao nyeupe za kawaida, bado kina alama za chaki za fundi ubavuni. Juu yake amelala mtoto wa kiume wa miaka kama sita, viatu miguuni. Kichanga kilikuwa kitandani kwa mama, kimezungushiwa mito.

"Huyu mkubwa alikuwa analala na mimi. Nikajifungua, nafasi ikaisha. Nikaagiza kitanda kwa fundi, kama wanavyoagiza wengine. Hicho ndicho ninachokijua. Kama hiki ndicho kitanda cha mwanao, kibebe."

Nilipita katikati ya wale wanawake, na ule ukimya wao nauhisi mgongoni hadi leo. Lakini mnadhani nilijirudi? Thubutu. Njiani nilikuwa nimeshapanga hoja mpya, kwamba kama hakipo kwa huyu basi kipo kwa mwingine. Nikafika nyumbani, nikafunga mabegi. Ndipo mume wangu alipoingia, maneno yamemfikia kabla sijafika mimi.

Basi tukawa pale, mimi na yeye na mama yake na ungo.

"Nenda," akasema mume wangu. Sauti ilikuwa imeshuka. "Kama ndiyo raha yako, nenda. Mimi sina nguvu ya kukuzuia."

"Huna nguvu ya kunizuia, unayo ya kuficha."

"Sifichi mwanamke!"

"Unaficha nini basi? Mwezi mzima hujanigusa hata bega. Mwezi mzima! Nilitoka hospitali na tumbo tupu, nikakuta kona tupu, na mume mtupu. Ungeniambia umekichoma moto ningekuelewa. Ungeniambia umekiuza ukanywea pombe, ningekuelewa."

"Mwanangu," mama mkwe akaita. Nilidhani ananiita mimi. Alikuwa anamwita mwanawe. "Mwambie."

"Mama, tulikubaliana."

"Nilikosea. Nilisema tumfiche apone kwanza. Hajapona, anaoza. Mwambie, la sivyo namwambia mimi."

Mume wangu akaketi pale pale mlangoni, chini, mgongo kwenye fremu. Akaangalia mikono yake.

"Ile tarehe mosi," akaanza, "waliniambia nikamchukue mtoto kesho yake asubuhi. Nikaenda karakana. Nikafungua. Hakukuwa na mbao za jeneza. Tulifunga kabla ya sikukuu, wenye mbao wote walikuwa wamefunga. Kulikuwa na zile za kumiminia zege tu, za kazi iliyopita. Zina saruji. Zina misumari imepinda."

Nikashika ukingo wa meza.

"Nikachukua moja nikaipiga randa. Randa ikakwama kwenye saruji. Nikachukua nyingine. Nikasema, hapana. Simlazi humu. Nikarudi nyumbani."

"Baba Kidoti."

"Umetaka kujua. Ngoja nimalize, nikinyamaza sitaanza tena." Akafuta pua kwa mkono, vumbi likaacha mstari. "Nilikibeba hadi karakana kabla usiku haujaingia, nikakifungua taratibu, sikutaka kuvunja hata kiungo kimoja. Sikuhitaji kupima. Vipimo vyake nilikuwa navyo kichwani tangu Oktoba. Vijiti vya pembeni nilivitoa, nikaziba kwa mbao za fremu ya kubembezea. Kifuniko nikakipiga msasa. Kaka yangu alikuja kunisaidia akashindwa, akatoka nje kulia. Mimi sikulia. Nilipiga msasa."

Mama mkwe alikuwa amejifunika uso kwa upande wa khanga.

"Kwa hiyo kimo kaburini," nikasema.

"Kimo. Yumo."

Nilikuwa nimemtafuta mpokeaji mwezi mzima, nyumba kwa nyumba kichwani mwangu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie vipi? Ulikuwa ukiamka Novemba unakipangusa na kitambaa. Unakibembeza kikiwa kitupu. Nikuambie mikono hii ndiyo iliyokifungua? Niliogopa utaichukia. Nikikugusa uone ndiyo ile." Akaitazama tena. "Mimi mwenyewe nikiiona naichukia."

"Umeniacha peke yangu siku thelathini."

"Najua."

"Hujui. Mimi nilikuwa nakulaani. Nakupakulia chakula huku nakulaani."

"Ningejua ningekula kidogo," akasema.

Sijui kama alikusudia mzaha. Nilitoa sauti, ilianza kama cheko, ikaishia pabaya, mshono ukaniuma hadi nikainama. Akainuka kunishika, akasita, mikono ikabaki hewani. Nikaivuta mwenyewe, nikaiweka begani kwangu. Ilikuwa na malengelenge mapya juu ya makovu ya zamani. Hakuna aliyesema samahani. Mimi si mtu wa kusamehe kwa dakika moja, na yeye alikuwa na haki ya kunikasirikia mimi pia. Alikuwa nayo, na saluni nzima ni shahidi.

Kwanza nilichukua simu ya mume wangu. Nilipiga, msusi akapokea baada ya mlio wa pili.

"Ni mimi. Nilikukosea."

"Ulinikosea kweli."

"Jumatatu nitakuja kuyasema hayo mbele ya watu, kama nilivyotukana mbele ya watu."

"Njoo saa nne, ndiyo wanakuwa wengi," akasema. "Umekijua kilipo?"

"Nimekijua."

"Haya, dada. Pole."

Niliiweka simu chini, nikamgeukia mume wangu.

"Vaa viatu."

"Twende wapi?"

"Unipeleke."

"Na mshono huo? Jua hili?" Mama mkwe akaondoa khanga usoni. "Ngojeni jioni, mwanangu. Au kesho tutafute gari."

"Mama, nimengoja Januari nzima. Kidoti akirudi mwambie tumekwenda kwa mdogo wake. Naye anapajua, sivyo?"

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa. Hata Kidoti. Nyumba nzima ilikuwa inajua isipokuwa mimi.

Makaburi yako nyuma ya kiwanda cha matofali, mwendo wa dakika ishirini kwa mtu mzima wa afya. Sisi tulitumia karibu saa. Kila baada ya nguzo kadhaa za umeme nilisimama, nikashika tumbo, naye akasimama upande wa jua ili kivuli chake kiniangukie. Hakuniuliza kama niendelee. Watu walitusalimia, tukaitikia. Mmoja alisema, "Mnapendeza, mwaka mpya huo!" Mume wangu akamshukuru.

Kaburi lilikuwa la tatu kutoka ukutani, dogo hadi nikalipita bila kujua. Alinirudisha kwa kunigusa kiwiko. Udongo ulikuwa umeshaanza kukaa, umepasukapasuka juu. Nilidhani ningeanguka, ningepiga kelele. Sikufanya hivyo. Niliona kitu kidogo kilichohitaji mtu wa kukitazama, nikakitazama.

"Kichwa kiko upande gani?" nikauliza.

Akanionyesha.

Nikakaa upande huo.