Kilio Nyuma ya Pazia

Haya yalimpata rafiki yangu fundi bomba, mwanamume anayenikaribia kwa uzuri. Mchumba wake alimtuma kwa mshonaji, shoga yake, akachukue gauni la harusi. Akiwa chumba cha ndani umeme ukakatika, giza totoro. Nyuma ya pazia mtu akaanza kulia kwa kwikwi, sauti ni ya mchumba wake kabisa.

Dhamira ikamsuta. "Mpenzi, nisamehe! Yule jirani ilikuwa mara moja tu!"

Kilio kikazidi.

"Basi, mara mbili!"

Kilio kikakoma. Mshonaji akaingia na tochi. "Shemeji, unaungama kwa nani? Humu hamna mtu."

Akavuta pazia. Gauni lilining'inia peke yake. Fundi bomba alipoligusa, kifua chote cha gauni kilikuwa kimelowa, na maji yenyewe bado yana uvuguvugu.