Bata wa Plastiki Ameungua Sebuleni

Jumamosi moja ya Julai 1957, saa kumi jioni, bata wa plastiki wa Mzee Asukile alikutwa amekwisha kazi. Ile taa ya pambo yenye umbo la bata, ambayo mzee aliiringia Mbeya nzima, ilikuwa imeyeyuka, shingo imelalia bakuli la sukari, kitambaa cha meza kinafuka moshi.

"Ni Tusajigwe!" mzee akafoka. "Kabadilisha globu! Kesho arudi kwao, na ng'ombe wangu wa mahari warudi!"

Tusajigwe, mke wa mwanawe, mimba ya miezi saba, alimsikia kutoka jikoni nyuma ya nyumba. Akaanza kufunga khanga zake.

Sekela, mtoto wa dada yake mzee, alikuwa amekuja likizo kutoka chuo cha ualimu. Alimtazama mjomba wake anavyotetemesha mashavu, akaona mtu mzima hovyo kabisa. Akaichomoa globu kwa kitambaa. Kwenye kioo imeandikwa wati 100.

Saa kumi na moja alikuwa kwa Ambrosi, fundi umeme.

"Wewe ndiye uliyeweka hii mia?"

"Nani, mimi? Dada, niliweka kumi na tano! Nikamwambia, mzee, plastiki hii haitaki joto, ukitia globu kali utakula moshi. Akasema nisimfundishe, yeye kasoma."

"Kasoma!" Sekela akacheka mpaka akashika ukuta. "Twende wote."

Sebuleni walimkuta mzee na Yotamu, mwinjilisti wa mtaa, pamoja na Kalinga, mgeni aliyefika kwa basi kutoka Iringa.

"Mjomba, saa nane, mgeni alipofika, taa ilikuwaje?"

"Nzima. Kalinga kaiona."

"Niliiona," Kalinga akasema. "Nikamwambia, bwana, bata wako ana mwanga wa njiti ya kiberiti! Nikaenda zangu kulala."

"Na wewe, mjomba, ukaenda wapi?"

"Nilikuwa kitini hapa hapa! Sikutoka mpaka ikaungua!"

"Kumbe Tusajigwe kaingia, kapita mbele ya baba mkwe wake, kashika taa, nawe unamtazama?"

Yotamu akashika mdomo. Kwa Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe. Akisikia kikohozi chake tu, anakimbilia migombani. Mzee akijibu ndiyo, kajivua nguo. Akijibu hapana, kajifunga, maana hakuna mwingine aliyekuwa sebuleni.

"Labda... nilisinzia."

"Ambrosi, kachomoe globu ya barazani."

Fundi akarudi nayo. Kumi na tano.

"Pale mimi niliweka mia," akasema.

"Kalinga kakucheka, roho ikakuuma, ukampa bata globu ya barazani," Sekela akasema. "Halafu ukamsingizia mwanamke asiyeweza hata kuja kukujibu. Msomi!"

"Asukile," Yotamu akasema, "muombe radhi."

"Nitamuombaje? Sisemi naye. Sekela, kamwambie abaki."

"Na aliyeunguza nani?"

Mzee akanung'unika ndevuni.

"Sijasikia, mjomba."

"Mimi."

Sekela akafungua dirisha wazi, akapaza sauti mpaka majirani wakaacha kutwanga: "Tusajigwe! Fungua mzigo! Mjomba anasema kaunguza mwenyewe!"

Halafu sauti ikajibu kutoka jikoni: "Mwambie arudie. Sikusikia vizuri."